Presha ya damu na mishipa ya macho: namna ya kupima, kukaguliwa na kuyalinda macho

Mtu anaweza kukaa na presha ya 170/100 miaka mingi na asione tofauti yoyote anaposoma au kutembea. Macho hayaumi, hayawashi, hayatoi hata machozi. Wakati huohuo mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho inajibana, inakakamaa, na mwishowe inavuja au kuziba. Anayengoja kuona ukungu ndipo aende kukaguliwa huwa amechelewa, tena sana. Tangu siku presha inapogundulika, mambo mawili yaende pamoja: namba zilizopimwa kwa usahihi, na retina iliyoangaliwa mboni ikiwa imepanuliwa. Haya ndiyo yanayoelezwa hapa, pamoja na yale yanayoharibika njiani na sababu zake.

Kinachoendelea nyuma ya jicho

Retina ni utando mwembamba, usiozidi nusu milimita, uliotandikwa ndani ya ukuta wa nyuma wa jicho. Ndiyo inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za kwenda kwenye ubongo. Damu ya tabaka zake za ndani huletwa na ateri moja inayopita katikati ya neva ya jicho, ikatokeza kwenye diski, yaani mahali neva inapoanzia, kisha ikagawanyika matawi ya juu na ya chini. Vena hukusanya damu na kutokea mlango huohuo. Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, na tangu hapo hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari huona ateri ndogo na vena zake kwa uwazi namna hii bila kupasua. Anachokiona humo hufanana na kinachoipata mishipa midogo ya ubongo na figo, na hiyo ndiyo sababu daktari wa moyo anaweza kukutuma kwa daktari wa macho.

Mishipa ya retina hujirekebisha yenyewe. Presha ikipanda, ateri ndogo hujibana ili damu isiingie kwa kishindo kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote. Kwa saa au siku chache hiyo ni kinga nzuri. Hali ikiendelea miezi na miaka, ukuta wa ateri hunenepa, misuli yake hugeuka kovu gumu, na njia ya damu hubaki nyembamba hata presha ikishushwa baadaye. Kwa kawaida upana wa ateri ya retina ni kama theluthi mbili ya upana wa vena iliyo jirani. Kwenye ripoti utaona A/V 2:3. Ukiona 1:2 au 1:3, ateri zimebanwa.

Ukuta wa ateri yenye afya hupitisha mwanga kiasi kwamba mkaguzi huona damu tu, si mshipa. Ukishanenepa, huanza kurudisha mwanga: kwanza mshipa hung'aa rangi ya shaba, baadaye ya fedha. Sasa tazama mahali ateri inapoikatiza vena. Pale mishipa hii miwili imefungwa ndani ya ganda moja, kwa hiyo ateri iliyokakamaa huilalia vena, nayo vena hubonyea kama mpira wa maji uliokanyagwa. Mkaguzi huona vena ikikatika upande mmoja wa makutano na kuendelea upande wa pili, pengine imevimba upande ule wa mbali na diski kwa sababu damu inakwama. Alama hii mara nyingi haifutiki. Na hapo ndipo, siku moja, damu inaweza kuganda na tawi la vena likaziba.

Presha ikizidi uwezo wa mishipa kujibana, ukuta wa ndani hupasuka na vitu huanza kuvuja. Damu inayovuja juujuu hufuata nyuzi za neva, ndiyo maana madoa yake huwa marefu yenye umbo la mwali wa moto. Ikivuja ndani zaidi, hukaa kama nukta. Madoa meupe yenye kingo zisizo wazi, ambayo madaktari huyaita madoa ya pamba, si usaha wala uchafu: ni nyuzi za neva zilizovimba kwa kukosa damu. Madoa ya njano yenye kingo kali ni mafuta na protini zilizobaki baada ya maji kunyonywa, nayo yakijipanga kuizunguka makula, ile sehemu ya katikati ya retina inayotusomea na kututambulishia nyuso, hufanya umbo la nyota. Mwisho kabisa ni diski yenyewe kuvimba.

Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker walizipanga dalili hizi katika daraja nne, na bado utazikuta kwenye faili nyingi. Daraja la 1 ni wembamba wa ateri. La 2 linaongeza mng'ao na vena kubonyezwa. La 3 lina madoa ya damu, ya pamba au ya njano. La 4 ni hayo pamoja na diski iliyovimba. Siku hizi wengi husema hafifu, ya kati na kali, wakiziunganisha daraja mbili za mwanzo, kwa kuwa hata wataalamu wawili wakiangalia jicho moja hawakubaliani daima kama ni la 1 au la 2. Usipoteze muda kubishana juu ya hizo mbili. Mpaka wa kuuogopa ni ule kati ya la 2 na la 3, kwa sababu kuuvuka kunamaanisha mishipa imeshindwa kazi, na hatari ya kiharusi imepanda. Daraja la 4 ni dharura ya siku hiyohiyo.

Namba kwanza: pima ukiwa nyumbani, na upime sawasawa

Kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi kukuambia jicho lako linaishi katika presha gani. Wengine hupanda wakimwona daktari, wengine huwa sawa kliniki na juu nyumbani. Tumia mashine inayofunga mkono wa juu. Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi zisiposhikwa usawa wa moyo. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Kwa dakika 30 kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba.
2. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana.
3. Weka mkono mezani, sehemu ya juu ya mkono ikiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inaweza kupanda kwa 10 au zaidi bila sababu.
4. Funga mkanda kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Usikunje shati likabana mkono.
5. Pima mara mbili, ukiachanisha dakika 1, bila kuongea. Andika namba zote mbili na saa.

Mkanda ndio unaoharibu vipimo vingi kuliko kitu kingine. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa kuzunguka karibu asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na mkubwa mno kwenye mkono mwembamba huficha tatizo. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda kabla hujanunua mashine. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha utumie daima ule wenye namba ya juu. Tofauti ikizidi 10 kila unaporudia, mwambie daktari.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Tupa namba za siku ya kwanza. Kwa vipimo viwili kila mara, utabaki na 24. Zijumlishe na ugawanye, za juu peke yake na za chini peke yake. Wastani wa nyumbani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu, sawa na 140/90 ya kliniki. Marekani tangu 2017 hutumia mpaka wa 130/80. Kwa watu wazima wengi walio kwenye dawa, lengo ni kufika chini ya 130/80 ikiwa mwili unavumilia. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama hupangiwa lengo lake.

Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio tena na tena, usiipuuze. Moyo unaodunda ovyo unaweza kutengeneza madonge ya damu, na donge dogo likisafiri huweza kuziba ateri ya jicho. Hapo unahitaji kipimo cha umeme wa moyo, si kubadilisha mashine.

Jambo la kutochanganya

Wengi husema "nimepimwa presha ya macho, iko sawa" wakidhani mishipa yao imekaguliwa. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho, ambao kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 mmHg, na ndio unaofuatiliwa kwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Unaweza kuwa na presha ya damu ya 180 na ya jicho 14, au kinyume chake. Vidonge vya presha ya damu si tiba ya glakoma. Vilevile kusomeshwa herufi ukutani na kupimiwa miwani si ukaguzi wa retina: mtu mwenye daraja la 3 anaweza kusoma mstari wa chini kabisa ikiwa makula yake haijaguswa. Uliza waziwazi kabla ya kuondoka: "Retina yangu imeangaliwa? Mishipa ikoje?"

Kwenda kukaguliwa

Ukigundulika na presha, panga ukaguzi wa retina bila kungoja dalili. Kwa mwenye presha ya 160/100 au zaidi, mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye kisukari, jambo hili halina mjadala. Mwenye kisukari hurudi kila mwaka hata akiambiwa yuko safi. Mwenye presha iliyotulia na retina safi hupangiwa na daktari. Mara moja kwa mwaka ni mazoea mazuri. Ukiambiwa una madoa ya damu au ya pamba, marudio yatahesabiwa kwa wiki.

Siku hiyo chukua orodha ya dawa zako zote pamoja na dozi, daftari la namba za presha, majibu ya sukari na figo kama unayo, miwani unayotumia, na miwani ya jua. Kunywa dawa yako ya presha kama kawaida. Usiendeshe gari kwenda huko. Tafuta mtu wa kukurudisha. Kama unavaa lenzi za kubandika, beba kisanduku chake kwa sababu zitatolewa.

Utatiwa matone ya kupanua mboni, mara nyingi tropikamaidi ya asilimia 0.5 au 1, yanayochukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Wakitaka kuongeza fenilefrini, taja kwamba una presha: ile ya asilimia 2.5 ndiyo inayotumika kwa kawaida, na ya asilimia 10 inaweza kupandisha presha ya mwili mzima. Mara tu baada ya matone ni vizuri kubonyeza kona ya ndani ya jicho kwa kidole kwa dakika chache, ili dawa isishuke kwenye pua na kuingia kwenye damu. Utaona ukungu wa karibu na mwanga utakuumiza kwa saa 4 hadi 6, mara chache zaidi. Jicho likianza kuuma sana, likawa jekundu, kichwa kikagonga na ukatapika, rudi mara moja; kwa watu wachache wenye nafasi finyu mbele ya jicho, kupanua mboni hufunga njia ya maji na presha ya jicho hupanda ghafla.

Mkaguzi akitumia kamera ya retina, omba picha zako kwa simu au kwa karatasi, za macho yote mawili, zikiwa na tarehe. Hili ni la thamani kuliko watu wanavyodhani. Wembamba wa ateri kwenye picha moja huweza kuwa ndivyo ulivyoumbwa, au ni umri tu. Picha mbili zilizopishana mwaka mmoja humaliza ubishi. Ziweke mahali ambapo hata ukibadilisha kliniki utazipata.

Ukisoma ripoti, tafuta mambo manne: uwiano wa A/V, makutano ya ateri na vena, kama kuna madoa na ya aina gani, na hali ya diski na makula. Nukta nyingi nyekundu zilizotawanyika bila ateri kubana mara nyingi huelekeza kwenye kisukari kuliko presha, na inafaa upimwe sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Magonjwa haya mawili yakikutana kwenye jicho moja huharakishana. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa majibu mwaka 1998, ulilinganisha wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 ambao presha yao ilishikiliwa kwenye wastani wa 144/82 na wale waliokuwa 154/87. Kundi la kwanza lilipunguza kuendelea kwa uharibifu wa retina kwa asilimia 34, na kupungua kwa uwezo wa kuona kwa asilimia 47. Tofauti ya namba 10 tu za juu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Nyumbani, mara moja kwa wiki, funika jicho moja uangalie kwa jingine karatasi yenye miraba, ukiishika sentimita 30 hivi kutoka usoni na kukazia macho nukta ya katikati, ukiwa umevaa miwani yako ya kusomea. Kisha badilisha. Usikague kwa macho yote mawili wazi, kwa kuwa jicho zima humfichia mgonjwa ubovu wa mwenzake. Mistari ikipinda, ikikatika au pakiwa na doa la kijivu, makula ina shida. Kipimo hiki hakioni sehemu nyingine ya retina, kwa hiyo hakichukui nafasi ya ukaguzi.

Dalili, na kasi ya kukimbia

Jicho moja likizimika ghafla bila maumivu, chukulia ni kiharusi, maana ateri kuu ya retina ikiziba ndicho kilichotokea. Retina isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Usilale ukingoja asubuhi, usiende kwanza kutafuta matone. Nenda hospitali inayotibu kiharusi. Hata kama giza limekaa dakika tano na kuondoka, nenda siku hiyohiyo. Kupofuka kwa dakika kisha kurudi ni onyo kwamba donge limepita, na linalofuata linaweza kwenda kwenye ubongo.

Presha ya 180/120 au zaidi pamoja na kuona ukungu, kichwa kuuma sana, kutapika, kuchanganyikiwa, kifua kubana au kupumua kwa shida ni dharura. Namba hiyohiyo bila dalili yoyote haihitaji taharuki: kaa dakika 5, pima tena, na ikibaki hivyo wasiliana na daktari siku hiyo.

Vena ikiziba, mgonjwa mara nyingi huamka na ukungu kwenye jicho moja, au nusu ya juu au ya chini ya mbele yake imefifia. Hapa usivute wiki. Makula ikivimba kuna sindano zinazochomwa ndani ya jicho, kama bevasizumabu na ranibizumabu, ambazo hukausha uvimbe, na huhitaji kurudiwa. Anayeacha kurudi kwa kuwa "nimeona vizuri baada ya sindano ya kwanza" hupoteza alichopata. Vena kuu ikiziba vibaya, mishipa mipya dhaifu inaweza kuota mbele ya jicho katika miezi ya kwanza na kuleta glakoma yenye maumivu makali, hivyo miadi ya miezi hiyo usiikose hata moja.

Mjamzito aliyevuka wiki 20, mwenye presha ya 140/90 au zaidi, akiona vimulimuli, ukungu au giza, aende hospitali saa hiyohiyo, kwani hizo ni dalili za hatari za kuelekea kifafa cha mimba. Wakati mwingine retina hata huinuka kutoka mahali pake kwa maji yaliyovuja chini yake. Habari njema ni kwamba mara nyingi hurudi yenyewe baada ya kujifungua na presha kushuka.

Upande wa pili, doa jekundu linalong'aa kwenye weupe wa jicho, lisilouma wala kupunguza kuona, huwatisha watu kuliko linavyostahili. Ni mshipa mdogo wa juu uliopasuka, pengine kwa kukohoa au kujikamua. Huisha lenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3. Pima presha, na likijirudia mwambie daktari, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kushusha presha bila kuliumiza jicho

Hakuna matone yanayotibu mishipa ya retina iliyoharibiwa na presha. Tiba ya jicho hapa ni kuishusha presha yenyewe, na kuishusha kwa mwendo unaofaa. Mishipa iliyojizoesha namba za juu haiwezi kupanuka ghafla. Presha ikiporomoka kwa saa moja, damu haifiki kwenye neva ya jicho wala ubongo, na mtu anaweza kupofuka kwa tiba yenyewe. Ndiyo sababu hata hospitalini, kwa mgonjwa wa dharura, madaktari kwa kawaida hawashushi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Zamani ilikuwa kawaida kumpa mtu kidonge cha nifedipini inayofanya kazi haraka akitafune au akiweke chini ya ulimi. Desturi hiyo iliachwa kwa sababu ilileta viharusi na mshtuko wa moyo. Usiifanye nyumbani, na usimeze dozi mbili kwa kuwa umeona namba kubwa.

Dawa za kila siku zinahitaji muda. Amlodipini huchukua wiki 1 hadi 2 kufikia nguvu yake, na losatani wiki 3 hadi 6. Anayepima siku ya tatu na kusema "haifanyi kazi" anaikatiza dawa njiani. Kuacha ghafla ni kubaya zaidi kwa baadhi yake, kama klonidini na zile za kundi la atenololi, kwa kuwa presha hurudi juu kwa kasi. Mwenye glakoma, au aliyewahi kupata shambulio la neva ya jicho kwa kukosa damu, amuulize daktari kama dawa zake zinywewe asubuhi badala ya usiku: presha hushuka tukilala, na dawa ya usiku inaweza kuishusha kupita kiasi mahali neva inapopata damu kwa shida. Vilevile matone ya timololi ya glakoma huingia mwilini na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo yaandikwe kwenye orodha ya dawa zako kama vidonge vingine.

Kuna vitu vinavyopandisha presha kimyakimya na kuwapa dawa lawama zisizo zao. Vidonge vya maumivu kama daiklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi isitoke, tena hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Dawa za mafua za kuzibua pua hubana mishipa. Vidonge vinavyochemka kwenye maji vina sodiamu nyingi. Anayevinywa kila siku anakula chumvi asiyoihesabu. Steroidi na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vimo. Kwa chakula, Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikijumlishwa na ile iliyokwisha kuwamo kwenye mkate, vya makopo na viungo vya pakiti. Mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki, ukigawanywa siku nyingi, husaidia. Sigara haina kiasi salama kwa mishipa ya ukubwa huu. Anayekoroma sana, akakata pumzi usingizini na kuamka amechoka, apimwe, kwa maana hali hiyo hupandisha presha na pia huhusishwa na neva ya jicho kukosa damu usiku.

Kupona kunavyoonekana

Presha ikishikiliwa vizuri, madoa ya damu na ya pamba huondoka kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa diski pia hushuka ndani ya wiki, ingawa ukiwa umekaa sana unaweza kuacha diski iliyopauka na sehemu ya uwezo wa kuona usirudi. Madoa ya njano na ile nyota ya makula huchelewa, miezi kwa miezi, hata mwaka. Mng'ao wa shaba na vena zilizobonyezwa hubaki. Daktari akiviona tena mwaka ujao haina maana kwamba umeshindwa, bali atazame kama kuna kipya kwa kulinganisha na picha za zamani. Katika kipindi hiki uwezo wa kuona hupanda na kushuka kadiri uvimbe wa makula unavyokauka, na miwani iliyopimwa wiki hii inaweza kukukataa mwezi ujao. Ahirisha kutengeneza mipya hadi ukaguzi wa retina uonyeshe makula imekauka na wastani wako wa siku 7 umetulia.